Visoda Kumi na Sita

Mtu akifika Mkoroshini na kumwambia Adija kwamba anapima tu, Adija huanza kuhesabu mabati yake.

Si roho mbaya. Miaka kumi na mitatu iliyopita, barabara kuu ya kwenda Lindi ilipokuwa inatanuliwa, alikuja kijana mmoja mpole, amevaa tai kwenye jua lile, akanywa chai ya Adija vikombe viwili, akavuta tepu kutoka katikati ya barabara mpaka kwenye kizingiti cha mlango, akasema, “Tunapima tu, mama.” Wiki ya pili wakaja wengine wakapigilia misumari. Wiki ya tatu ukutani ikachorwa X nyekundu, na kila anayekaa kando ya lami anajua X nyekundu ni kitu gani: unavunjiwa, na huambulii hata pole, kwa sababu umejenga ndani ya eneo la barabara, hata kama nyumba iliitangulia barabara yenyewe. Mwezi haukwisha, likaja katapila. Adija alisimama na sufuria la mihogo mkononi akaangalia chumba alichomzalia mwanawe Naima kinakuwa kifusi. Tangu siku hiyo neno kupima halimwingii masikioni peke yake, linaingia na katapila nyuma.

Nyumba ya pili waliijenga hatua ishirini nyuma ya ile ya kwanza, yeye na mumewe Dadi, tofali kwa tofali, miaka minne, na kiwanja chao kikaishia hapo hapo. Nyuma yake ni bonde linalojaa maji kila masika. Ikivunjwa hii hakuna ya tatu. Adija analijua hilo, na halimtoki kichwani hata anapogeuza samaki kwenye karai.

Dadi katapila lile hakulisikia. Ujanani alikuwa mvuvi wa baruti, na hajivunii. Siku moja chupa ilipasuka kabla haijafika majini, akabaki na vidole vyote kumi, wenzake wakamwita mwenye bahati, ila masikio ndiyo yakawa yamekwenda. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibaki na upenyo mdogo. Ukimwinamia na kupiga kelele anaweza kuokota maneno, akitulia. Kwa mambo ya kila siku yeye na mkewe walitumia mikono, kwa ishara walizozitunga wenyewe, chumvi, chai, mwana kapiga simu, jirani anatuangalia. Hii ya mwisho ndiyo Adija aliyoitumia zaidi.

Nyumba yao iko njiapanda. Barabara ya vumbi inashuka kutoka bara, kwenye mikorosho, inaingia kwenye lami kwa ubavu, na mdomo wake ni mpana kiasi kwamba malori mawili ya korosho yanaweza kukunja pamoja bila hata moja kukanyaga breki. Gari linalotoka Nangurukuru linapita kwanza duka la Ibrahimu, halafu hatua kama sitini mbele linafika penye benchi la Adija, na mkabala na benchi hilo, ng'ambo ya lami, ndipo ulipo msikiti. Dadi huvuka hapo mara tano kwa siku kwenda, na mara tano kurudi. Anasimama, anatazama kulia, anatazama kushoto, anatazama kulia tena, ndipo anaweka mguu. Watu watatu walikuwa wameshafia hapo tangu mwaka juzi, wote wenye masikio mazima. Kila Dadi alipovuka, Adija aliacha alichokuwa anafanya mpaka kanzu ifike upande wa pili.

Basi mwezi wa saba akaja binti mmoja na kofia ya jua na daftari.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Watokea wapi, mwanangu?”

“Kwetu Moshi, ila nafanya kazi na wahandisi wa barabara. Naitwa Lightness. Naomba nikae kwenye benchi lako siku kama nne hivi. Tunapima tu.”

Adija akampa chai. Mgeni ni mgeni. Lakini jicho lake halikumwacha tena.

Kwanza, binti hakuvuta tepu. Alikaa na kitu kilichoviringishwa kwenye kanga, akakielekeza barabarani kila gari lilipotokea, halafu akaandika tarakimu. Adija alikitambua siku ya pili, upepo ulipoinua kanga: ilikuwa tochi, ile ya askari wa usalama barabarani ya kupimia mwendo. Sasa mtu mwema anaificha tochi kwa nini? Akamuuliza.

“Madereva wakiiona wanawashiana taa, mama,” Lightness alisema. “Wote wanakuja taratibu kama wanakwenda kuposa. Nataka kujua wanavyokwenda wakiwa hawajui wanaangaliwa.”

Jibu lilikuwa zuri mno, na majibu mazuri mno Adija alishawahi kuyasikia. Yule wa tai naye alikuwa nayo.

Pili, Ibrahimu. Mwaka ule wa katapila, X ilizipitia nyumba saba na kuliruka duka la Ibrahimu. Yeye alisema marehemu baba yake alipima vizuri kabla ya kujenga. Adija alikuwa na maelezo yake mwenyewe, yaliyohusu soda baridi na kijana wa tai, na aliyatoa kwa yeyote aliyekuwa na muda wa kuyasikiliza. Na sasa huyu Ibrahimu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, kila alasiri alitoka dukani kwake na chupa mbili za soda, akaja kumpa binti wa watu, akampungia na Adija mkono kama kwamba hakuna kitu.

“Hujambo, dada Adija?”

“Sijambo,” alijibu Adija, na moyoni akaongeza mengine.

Tatu, na hili ndilo lililomkosesha usingizi, siku ya tatu Lightness alimsimamisha Dadi akitoka kuswali adhuhuri. Adija aliona kila kitu kutoka kwenye karai lake. Binti alisema neno, Dadi akaonyesha sikio, binti akasema kwa mikono, Dadi akanyoosha vidole vitano, akaonyesha msikiti, akaonyesha nyumba. Binti akaitazama nyumba. Akaitazama lami. Akatembea kutoka moja hadi nyingine akihesabu hatua, akaandika, akapigia mstari alichoandika.

Wakati wa chakula Adija akamuuliza mumewe kwa ishara, yule alitaka nini.

“Kaniuliza navuka saa ngapi,” alisema Dadi kwa ile sauti kubwa ya wasiojisikia. “Na kama nasikia magari.”

Na wewe ukamwambia?

“Nimwambie uongo wa nini?”

Adija akasukuma sahani. Mtengeneza barabara ana shida gani na masikio ya mzee wa watu? Alilizungusha swali hilo kichwani mchana kutwa, na kila alipolizungusha lilisimama pale pale: wanataka kujua kama atasikia watakapokuja. Dadi alimtazama mkewe, akacheka, akala wali wake.

Siku ya tano misumari ikatokea. Lightness aliipigilia mwenyewe kwenye ukingo wa lami, kumi na sita, na kila msumari aliupitisha kwanza kwenye kisoda, kizibo cha chupa ya soda, ili uonekane. Visoda vyekundu na vya kijani. Adija hakuhitaji kuuliza vimetoka wapi. Soda hazikuwa zinanywewa bure. Akafunga kanga kiunoni, akaenda.

“Hii misumari ni ya nini, mwanangu?”

“Ya alama, mama. Jumatatu fundi anakuja kuweka alama.”

Alisema alama hivi hivi, bila kupepesa. Kwa Lightness alama ni mistari, vishale, rangi ya barabarani, vitu alivyosomea miaka minne. Kwa watu wa kando ya lami alama ni moja tu, na inachorwa ukutani.

“Zinaanzia wapi hizo alama?”

“Kule kwenye kalavati, upande wa Nangurukuru. Mwanzoni zinaachana mbali, halafu zinakaribiana, zinakaribiana, ya mwisho kwako hapa.” Na akatabasamu, kama mtu anayetoa zawadi.

“Za kufanya nini?”

“Za kumpunguzia dereva mwendo. Unajua, mama, dereva hasomi kibao, anasoma barabara. Ukimpa barabara pana anajua ni yake. Lakini ukimlazia mistari inayokaribiana, inampita upesi upesi, yeye mwenyewe anajiona anakimbia mno, mguu unatoka kwenye mafuta. Tunalidanganya jicho lake kidogo.”

“Kwa nini msiweke matuta?”

“Hapa matuta wamekataa. Barabara kuu.”

Adija akaitikia kwa kichwa. Rangi isimamishe basi la Mtwara. Rangi, kitu ambacho hakimsimamishi hata kuku. Alipofika kwenye benchi lake alikuwa na hakika kabisa, na katika maneno yote ya yule binti alikuwa amebaki na mawili: kudanganya, na ya mwisho kwako hapa.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Musa, kuuliza kama ipo barua. Musa alisema barua ipo. Inasemaje? Musa alisema ilikuja ndefu, ataisoma ikipatikana nafasi. Huyo ndiye Musa, na alichaguliwa mara mbili.

Ijumaa Lightness aliaga, akasema anaitwa Lindi kwenye daraja lililobomoka, fundi atakuja na kufuata misumari. Adhana ikaita. Ibrahimu akafunga duka. Wanaume wote wa Mkoroshini wakaingia msikitini, Dadi akiwa wa mwisho kwa sababu ya ule utazamaji wake wa kulia na kushoto, na kipaza sauti kikaanza kutoa hotuba. Barabara ikawa tupu, jua la utosini, lami inatoa mvuke. Hakuna saa ya wiki nzima ambayo njiapanda ile inakosa macho isipokuwa hiyo.

Adija akachukua koleo na nyundo ya mumewe, akaviweka ndani ya beseni, akafunika kwa kawa, kama chakula. Akaanza na msumari wa mbali, ule wa kalavati. Akaung'oa pamoja na kisoda chake, akatembea hatua sitini kuelekea Nangurukuru, akaupigilia. Tundu lililobaki akalisiliba udongo kwa kidole gumba. Akarudi kwa wa pili. Hatua sitini. Wa tatu. Hatua sitini. Hakutaka mpangilio uharibike, maana fundi angeshtuka, kwa hiyo kila mmoja aliuhamisha sawasawa na mwenzake, akihesabu kwa sauti ya chini. Kwa yule wa kumi kanga ilikuwa imeloa jasho. Imamu alikuwa anasoma dua aliposhindilia wa kumi na sita, wa mwisho, mbele kabisa ya mlango wa duka la Ibrahimu.

Kama alama zinaishia mahali, basi ziishie pale. Kama ipo ya kuvunjwa, ivunjwe ile iliyorukwa safari iliyopita. Hakuliona hilo kama kosa. Aliliona kama haki iliyochelewa, na alipowatazama wanaume wakitoka msikitini alijisikia mwepesi kuliko siku nyingi.

Jumatatu fundi akaja, Gregori, mtu mnene mwenye mashine ya rangi na vijana wa kushika bendera. Hakuuliza kitu. Alifuata visoda kama alivyoambiwa, akavuta mistari myeupe kumi na sita inayokata upande mmoja wa lami, akapakia vyombo vyake, akaondoka kabla ya magharibi.

Adija akangoja X kwenye ukuta wa Ibrahimu. Akangoja wiki. Kilichokuja hakikuwa X.

Basi la kwanza la asubuhi lilitokea kule kwenye mwinuko kwa fujo zake zote, likagusa mstari wa kwanza, wa pili, na Adija, mwiko mkononi, akasikia injini inashusha sauti. Kwa mstari wa kumi lilikuwa linatambaa. Akadhani limeharibika. Likaja lori, nalo hivyo hivyo. Likaja gari la serikali, ambalo halijawahi kumpunguzia mwendo binadamu yeyote, nalo likanywea. Rangi ilikuwa inasimamisha magari. Yule binti alisema kweli, na kweli ile ilimchoma Adija vibaya, kwa sababu magari yalikuwa yananywea mbele ya duka la Ibrahimu. Abiria waliteremsha vioo, wakaita maji, wakaita biskuti, na Ibrahimu akatoa meza nje.

Na yakishavuka mstari wa mwisho? Barabara mbele yao ilikuwa safi, nyeusi, pana, haina kitu. Dereva aliyebanwa kwa mistari kumi na sita alijiona amefunguliwa, akakanyaga. Hatua sitini zinatosha sana kwa gari kupata hasira yake tena. Yalifika penye benchi la Adija yakinguruma kuliko zamani, samaki wake wakala vumbi, na hakuna aliyesimama.

Utamwona mwanadamu alivyo. Jambo la kwanza Adija alilowaza ni kwamba Ibrahimu alikuwa amelipanga. Alilala nalo siku mbili nzima, jinsi yule mzee alivyomnywesha binti soda mpaka akapata mistari mlangoni kwake, na ilimbidi ajikumbushe kwa nguvu ni mkono wa nani ulioshika nyundo. Alipojikumbusha, akaanza kumshika Dadi mkono wakati wa kuvuka.

“Mimi mtoto?” Dadi aliuliza kwa sauti yake kubwa, watu wakacheka, akauchomoa mkono.

Ilikuwa Alhamisi, alasiri. Adija alikuwa amekwenda uani kuchukua kuni. Hakusikia breki, kwa sababu dereva hakuwahi kuzishika. Alisikia kishindo kimoja, halafu watu wengi wakisema Inna lillahi kwa pamoja, na alikuwa anakimbia kabla hajajua kuwa anakimbia.

Dadi alikuwa hai. Alikuwa amekaa ukingoni mwa lami, kanzu imepanda, paja la kushoto limekunjika mahali ambapo paja halina kiungo. Alikuwa anautazama mguu wake kwa mshangao zaidi kuliko maumivu. Pikapu ilikuwa imesimama mbali kule, na dereva wake, kijana wa watu wa Kilwa Kivinje, alirudi kwa miguu akilia, mikono kichwani.

“Mistari iliisha, mama,” alimwambia Adija, kana kwamba yeye ndiye hakimu. “Nilipunguza, wallahi nilipunguza. Mistari ilipoisha nikajua penye hatari nimeshapapita.”

Adija aliichukua kanga ya kichwani akamfunika mumewe magoti.

Lightness alifika Jumamosi asubuhi, kofia mkononi, macho mekundu. Hakwenda kwa mtu yeyote. Alishuka kwenye gari, akachukua gurudumu lake la kupimia, akaanza kutembea kutoka kwenye kalavati, na watu wakaanza kukusanyika nyuma yake. Alipima mara mbili. Akafungua mchoro, akamwita Gregori, ambaye alikuja naye kwenye gari lile lile akiwa hana raha.

“Mstari wa kwanza ulitakiwa uwe hapa kalavatini. Uko kule. Umeuweka wapi huu?”

“Penye msumari wako.”

“Msumari wangu ulikuwa hapa.”

“Mimi napiga rangi penye msumari, dada. Sina mchezo na kazi. Misumari niliikuta kumi na sita, na visoda vyake.”

Watu wote wakafikiria kitu kimoja. Hakuna aliyesema jina. Musa mwenyekiti ndiye aliyegeuza shingo kwanza, akaitazama meza ya Ibrahimu iliyojaa biskuti, na shingo nyingine zikafuata. Nani magari yanasimama mlangoni kwake? Visoda vilitoka duka gani? Nani alikuwa anampelekea binti soda kila alasiri? Maswali hayo yote Adija aliyajua kwa moyo, alikuwa ameyalea na kuyatembeza nyumba kwa nyumba miaka kumi na mitatu, na sasa yalitoka kwenye vinywa vya watu yakiwa yameiva.

“Mzee Ibrahimu,” alisema Musa, “mtu amevunjika mguu hapa. Jumatatu tutakwenda wote kituo cha polisi.”

Ibrahimu aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Adija alikawia kidogo, kama anayetarajia kitu. Maana Adija, wa kwanza siku zote kumtaja, alikuwa amesimama kati ya wanawake, kimya. Ibrahimu akaingia dukani, akairudisha meza ndani.

Watu walipotawanyika Lightness akaja kukaa kwenye benchi. Karai lilikuwa baridi.

“Pole sana, mama. Mzee anaendeleaje?”

“Wamemfunga uzito mguuni. Wanasema miezi mitatu.”

“Wewe unakaa hapa kutwa. Hukumwona mtu?”

Adija akaangalia mikono yake. “Nikuulize kwanza mimi. Hizi alama. Zilikuwa zivunje nyumba ngapi?”

“Nyumba gani, mama?”

“Hii. Ya mwisho ulisema kwangu.”

Lightness hakuelewa. Akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa nyingi, akamwonyesha ukurasa mmoja uliopigiwa mstari. Adija hakuwa na miwani. Binti akamsomea. “Mzee anavuka mara kumi kwa siku. Hasikii kabisa. Mstari wa mwisho usogezwe mpaka mbele ya nyumba yake.” Akafunga daftari. “Mchoro wa kwanza ulikuwa unaishia dukani, ndivyo vipimo vya kawaida vinavyotaka. Niliisogeza mistari kwa ajili yake. Nilibishana na mkubwa wangu wiki nzima. Hakuna nyumba inayovunjwa, mama. Hakukuwa na nyumba yoyote.”

Adija aliinuka, akaingia ndani, akakaa chini kwenye sakafu ya nyumba yake iliyosalimika, na huko akajilaumu kwa majina ambayo hajawahi kumwita hata Ibrahimu. Alikuwa amemtoa mumewe kwenye mistari iliyochorwa kwa ajili yake. Alikuwa ameihesabu kwa hatua, sawasawa, asikosee hata mmoja.

Jumapili akapanda gari kwenda hospitali. Alikuwa ameamua. Atamwambia Dadi kwanza, wao wawili, kwa mikono, kimya kimya kama mambo yao yote. Dadi akishajua, watashauriana jinsi ya kuwaambia wengine kabla ya Jumatatu. Njia nzima alizipanga ishara.

Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa, kila kitanda na jamaa zake, wengi wao wa kutoka vijiji vya njia ile ile. Na kando ya kitanda cha Dadi, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Ibrahimu. Alikuwa na kisu kidogo na machungwa, anamenya, anakata, anampa Dadi kipande kimoja kimoja. Alipomwona Adija akainuka kumpisha kigoda.

“Kaa, dada. Mimi nilikuwa napita tu. Kesho sijui nitakuwa wapi, nikasema nimwone leo.”

Adija hakukaa. Alisimama upande wa pili wa kitanda, mgongo kwa Ibrahimu, akaanza. Alifanya ishara ya nyundo. Dadi akaitikia. Akafanya ishara ya mimi. Akafanya ishara ya kuchukua kitu hapa na kukiweka pale.

“Kitanda?” Dadi aliuliza, wodi nzima ikasikia. “Unahamisha kitanda?”

Adija akatikisa kichwa. Akaonyesha kidole chake, msumari. Akachora mstari hewani, barabara. Nyundo. Mimi. Kule.

“Nani anajenga? Acha kujenga, mama Naima, ngoja nipone.”

Akajaribu tena, na tena. Miaka thelathini walikuwa wametunga ishara ya kila kitu walichokihitaji, chumvi, chai, jirani anatuangalia, wala hawakuwahi kutunga ya nimekukosea. Dadi alimtazama usoni sasa, si mikononi, na uso wake ukaacha kucheka.

“Una nini?” alisema. “Sema.”

Akamgeuzia sikio la kushoto.

Adija aliwatazama watu wa vitanda vile. Alimwona mwanamke wa Mkoroshini aliyekuja kumwona kaka yake. Akainama mpaka midomo ikagusa sikio la mumewe, akavuta pumzi, akapiga kelele.

“Misumari niliihamisha mimi. Si Ibrahimu. Mimi.”

Kijiko cha mtu kilianguka sakafuni na hakuna aliyekiokota. Nyuma yake Adija alisikia kisu kikiacha kumenya, na hakugeuka, kwa sababu alikuwa anautazama uso wa Dadi, akingoja ubadilike.

Dadi alikunja paji, akasogeza kichwa karibu zaidi, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

“Sijaokota hata neno,” alisema. “Rudia.”

Kila mtu mle ndani alikuwa ameshasikia isipokuwa yeye. Adija alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akainama tena, akarudia neno kwa neno, kwa sauti kubwa zaidi.